Papa Alikuwa Wetu, Bukeko Alikuwa wa Nani?

Saa kumi na moja jioni Kawangware 56 hubadilishana zamu. Kina mama waliotoka kufua na kupiga pasi Lavington na Kileleshwa wanarudi kwa miguu, na masoja wa usiku wanatoka kwenda kushika malango ya huko huko. Ukikaa steji kwa muda utawaona wa aina mbili. Kuna waliovaa sare tangu nyumbani, buti na kofia, wasio na la kuficha. Na kuna waliovaa shati lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, begi limening'inia begani kama la karani. Sare imo ndani ya begi. Itavaliwa langoni, na alfajiri itavuliwa kabla mwenyewe hajarudi mtaani.

Kwenye ramani ya uchaguzi, mlinzi na mlindwa ni majirani. Kawangware, Gatina na Kabiro zimo katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini pamoja na Kilimani na Kileleshwa, kwa hiyo mfungua geti na mwenye geti humpigia kura mbunge mmoja. Kinachowatenganisha ni mwendo wa miguu na nguo za kubadilisha.

Ndiyo maana mwaka 2007, runinga ya Citizen ilipoanza kuonyesha kipindi cha Papa Shirandula, watu wa huku hawakuhitaji kuelezwa kichekesho kiko wapi. Papa ni soja. Nyumbani anatoka na suti, mkewe Wilbroda akiamini ameolewa na mtu wa ofisi. Akifika kazini anavua suti, anavaa sare, anakuwa yule wa kufungua na kufunga. Kipindi kizima kilisimama juu ya uongo huo mmoja, na uongo huo ulidumu miaka mingi bila kuchuja, kwa sababu haukuwa wa Papa peke yake. Ni nani mtaani hajawahi kuwaambia watu wa kwao, Busia au Kakamega au Murang'a, kwamba kazi yake Nairobi ni "ya kampuni fulani", kisha akahamisha mazungumzo kwenye mvua na mahindi?

Aliyemvaa Papa aliitwa Charles Bukeko. Alizaliwa mwaka 1962, kwao Funyula. Alikuwa mtu wa mwili, na aliujua mwili wake kama fundi anavyozijua zana zake: nyumbani kwa Wilbroda ulijaa mlango mzima, mbele ya bosi ulipungua ukawa wa mtu anayeomba radhi kabla hajashtakiwa. Hiyo si kazi ndogo. Mchekeshaji mwepesi angetuchekesha kwa tumbo. Bukeko alituchekesha kwa hofu iliyokuwa nyuma ya tumbo, hofu ya mwanamume anayejua kwamba heshima yake yote imefungwa ndani ya begi.

Korona ilimchukua tarehe 18 Julai 2020, akiwa na miaka 58. Siku mbili baadaye alikuwa amezikwa Funyula, katika kipindi kile ambacho matanga yalikuwa ya kuhesabiwa watu na waombolezaji walivaa barakoa. Mtaani habari ilipita duka hadi duka.

"Umesikia Papa ameaga?"

"Papa gani?"

"Papa wetu."

Hakuna aliyesema Bukeko. Redio zililitaja jina, magazeti yakaliandika, lakini mdomoni mwa watu aliyekufa alikuwa soja wa kubuni. Bukeko, yule aliyekuwa na mke mwingine asiye Wilbroda, watoto, bili na shughuli zake, alizikwa kwa jina la kazi. Nimelifikiria jambo hili tangu wakati huo, na kila nikiwatazama waigizaji wetu wa karne iliyopita naliona limejirudia.

Kabla ya Papa alikuwako Mzee Ojwang'. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, miaka miwili baadaye ikawa ya Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 shirika likarudia jina la KBC. Mpaka KTN ilipoingia hewani mwaka 1990, kituo kilikuwa kimoja tu nchi nzima, na runinga zilikuwa chache. Ploti nzima ilikuwa na Great Wall moja, nyeusi na nyeupe, ya inchi 14, inayokunywa betri ya gari. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu nje, na mtoto mmoja alitumwa kuizungusha huku wa ndani wakipiga kelele: hapo, hapo, rudisha kidogo! Betri ilipokaribia kuisha, picha ilianza kujikunja kutoka pembeni ikielekea katikati, na ilipenda kujikunja pale Ojwang' na Mama Kayai walipofikia utamu wa ugomvi wao. Wenye nyumba walijua la kufanya. Balbu iliyounganishwa na betri hiyo hiyo ilizimwa, watu wakakaa gizani, ili Ojwang' apate kumaliza sentensi yake.

Watu waliokubali kukaa gizani kwa ajili yake hawakulijua jina lake. Aliitwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, na kwa miongo kadhaa katika kipindi cha Vitimbi alizungumza Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo kwa uhakika ambao ulimfanya mtu aape kwamba kwao ni Nyanza. Mama Kayai naye ni Mary Khavere, na hawakuwa mume na mke, jambo ambalo baadhi ya watazamaji walilipokea kama habari ya talaka. Wanjau aliaga Julai 2015, mwaka ule ule mitambo ya analojia ilipozimwa nchini na zile Great Wall zilizosalia zikanyamaza kwa kukosa king'amuzi.

Miaka miwili baada ya hapo Kawangware 56 iliingia kwenye habari kwa ubaya. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017 ulipopita, majirani waliochota maji kwenye bomba moja walianza kuulizana majina, na jina la ukoo likawa hukumu. Vibanda vilichomwa, watu wakahama usiku na magodoro kichwani. Ingekuwa vizuri kuandika kwamba kizazi kilicholelewa na Ojwang' kisingeweza kufanya hayo. Kiliweza. Sanaa haikuwazuia, na sidhani kama ndiyo kazi yake. Ila ilikuwa imeacha ushahidi mezani: Mkikuyu aliazima ulimi wa jirani yake, akakaa nao mpaka uzeeni, na wenye ulimi wakacheka pamoja naye. Aliyetaka kujua kama jambo hilo linawezekana hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Lakini nirudi kwenye kile kilichompata Wanjau kabla ya kifo. Macho yalimsumbua, na habari zilipoenea kwamba Mzee Ojwang' haoni vizuri, Wakenya walichanga fedha za matibabu. Walichanga kwa moyo. Nasi tunajua kuchanga. Taifa hili limejengwa kwa harambee, na mtu akianguka mtaani kofia huzunguka kabla ambulensi haijafika. Tulimchangia Ojwang' kama tunavyomchangia mjomba.

Swali linalonisumbua ni kwa nini mjomba huyu, aliyekuwa akiingia katika kila nyumba yenye runinga kwa zaidi ya miaka 20, alihitaji kuchangiwa.

Jibu liko katika ule uhusiano wenyewe. Mtu wa familia hapelekewi mkataba. Waigizaji wakongwe wa vipindi vyetu wamesimulia mara nyingi, kwenye mahojiano baada ya mahojiano, maisha ya kulipwa kwa kipindi kimoja kimoja, posho ya kurekodi na nauli, bila pensheni na bila chochote kipindi kikirudiwa. Nacho kilirudiwa. Kilirudiwa sikukuu, kilirudiwa pengo lilipotokea kwenye ratiba, kikaja kurudiwa kwenye YouTube ambako kila anayebonyeza anaongeza hesabu ya mtu mwingine. Sura ilikuwa inafanya kazi usiku na mchana. Mwenye sura alikuwa amelipwa mara moja, zamani.

Na hapa ndipo kipindi cha Papa kinapotugeukia. Tulimcheka Wilbroda kwa kudanganywa na suti. Tulijiona wajanja, sisi tunaojua kilichomo begini. Kumbe kwa habari ya waigizaji wenyewe, Wilbroda tulikuwa sisi. Tulimwona mtu akitoka kwenye kioo amependeza, tukajua ana kazi kubwa mahali fulani. Hatukuuliza analipwa nini, kwa sababu umaarufu ulitutosha kama payslipu. Mwigizaji naye, kama Papa, hakuwa na haraka ya kutusahihisha. Ukiitwa bosi kila unapopita, ukaombwa picha, ukapewa mkono na makanga wa matatu, ni vigumu kusema kwamba hiyo nauli umekopa. Aibu ilimfunga mdomo aliyelipwa kidogo, wakati ingepaswa kumfunga aliyelipa kidogo.

Wapo waliomezwa na sura kubwa zaidi ya Papa na Ojwang'. Joseph Olita, mtu wa Siaya, alimwigiza Idi Amin katika Rise and Fall of Idi Amin, filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981 iliyopigwa Kenya. Amin mwenyewe alikuwa hai, uhamishoni Saudi Arabia. Olita alimvaa dikteta kwa umbo na kwa kicheko kiasi kwamba Mira Nair alipohitaji Amin wa dakika chache katika Mississippi Masala, miaka kumi baadaye, alimchukua yeye yule. Alifariki mwaka 2014, na hata katika kumuaga watu walimtaja kwa jina la mtu ambaye angekimbiwa na kila mmoja wao. Sidede Onyulo alikuwa Owuor, mpishi katika filamu ya Kijerumani ya Caroline Link kuhusu familia ya Kiyahudi iliyomkimbia Hitler ikaja Kenya. Mwaka 2003 filamu hiyo ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Aliyeitazama hakumbuki kingine kama anavyomkumbuka Owuor, utu wake na subira yake. Onyulo alifariki mwaka 2008, na Wakenya wengi hawajawahi kujua kwamba mwenzao alibeba nguzo ya nyumba hiyo.

Wa ajabu kuliko wote ni ekstra mmoja wa mwaka 1935. Sanders of the River ilikuwa filamu ya Kiingereza ya kumtukuza mtawala wa kikoloni, na nyota wake, Paul Robeson, aliikana baadaye. Kati ya Waafrika waliokusanywa London kujaza mandhari alikuwamo Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi huko kwa tabu ya fedha. Alilipwa kibarua chake, akaenda zake. Sura ile ile iliyokodiwa ili iwe mwili mmoja kati ya miili mingi ilikuja kuchapishwa kwenye noti na sarafu za nchi nzima. Katika historia yetu ya filamu ndiye ekstra pekee aliyelipwa marudio, na hakulipwa na studio.

Huo umekuwa ndio mlango wa kutokea hata kwa waliomfuata. Wachekeshaji watatu wa Redykyulass walimwigiza Rais Moi kwenye runinga wakati ambapo kumwigiza rais hakukuwa mzaha mdogo. Mmoja wao, John Kiarie, alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, hapo ng'ambo tu ya Kawangware. Felix Odiwuor, Jalang'o wa Papa Shirandula, akawa mbunge wa Lang'ata mwaka 2022. Bukeko mwenyewe uso wake ulisafiri nchi nyingi za Afrika kwa tangazo la Coca-Cola, mbali kuliko kipindi chake kilivyoweza kumfikisha. Soma orodha hiyo tena. Umaarufu wa kwenye kioo unaweza kugeuzwa kuwa kura, ukageuzwa kuwa soda, ukageuzwa kuwa kazi ya kuendesha sherehe za harusi. Kilichokuwa kigumu ni kuugeuza kuwa malipo ya kuigiza.

Kwingine jambo hili lilipiganiwa. Mwaka 1960 waigizaji wa Hollywood waligoma kwa wiki kadhaa, na kiongozi wa chama chao alikuwa Ronald Reagan, huyo huyo aliyekuja kuwa rais. Walipata malipo kila filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo zikionyeshwa kwenye televisheni, na mfuko wa pensheni na matibabu. Walioigiza kabla ya hapo waliachwa nje ya mstari, na baadhi yao walilalamika mpaka kufa wakitazama ujana wao ukiuzwa usiku wa manane bila senti kuwafikia. Kwa hiyo hata huko haki haikuja na umaarufu. Ilikuja siku waigizaji waliposusa pamoja, wakakubali kuonekana wafanyakazi.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za watumbuizaji, na chama cha PRISK kiliundwa kuwakusanyia mirabaha waimbaji na waigizaji. Lakini sheria huanzia pale penye karatasi iliyotiwa sahihi, na sisi tuna mazoea ya kuanza kurekodi kwanza, karatasi baadaye. Mtaani kila mmoja anaijua kazi ya namna hiyo. Soja wa 56 anaijua kuliko wote.

Kibera, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, wameishi upande mwingine wa jambo hilo. Mwaka 2004 Fernando Meirelles alileta kamera zake kupiga The Constant Gardener, na Rachel Weisz akapita kwenye vichochoro vya Kibera akielekea kwenye Oscar yake. Walioonekana nyuma yake ni wenyeji wakiendelea na siku yao, na watengenezaji, kwa kuona haya labda, walianzisha mfuko wa kuisaidia Kibera na Loiyangalani. Kisha Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyotoka mwaka 2010, ikageuza kamera: watoto wa Kibera wakawa wahusika wakuu na mtaa ukawa na hadithi yake. Tofauti inaonekana katika fremu. Katika ile ya kwanza mtu wa Kibera yuko nyuma ya bega la mtu. Katika ya pili bega ni lake.

Wakati huo huo, katika vibanda vya video vya Kawangware na Kibera, nyota waliotamba hawakuwa wa hapa. Kwa shilingi chache uliingia kwenye mabati yaliyofunikwa gunia madirishani, ukaketi kwenye benchi, ukawakuta Jackie Chan na Schwarzenegger wakizungumza Kiswahili cha mtaani kwa kinywa cha DJ Afro. Kanuni ya kibanda ilikuwa moja: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kuchomwa kisu, lakini watoto hawaondoki, kwa sababu wanajua atasimama. Nadhani kanuni hiyo tuliibeba tukatoka nayo nje. Tuliamini kwamba mtu tuliyemwona kwenye kioo ana mahali pa kuegemea ambapo sisi hatuna. Ilipotangazwa kwamba Ojwang' anahitaji kuchangiwa, na baadaye kwamba Papa ameaga kwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu wa kawaida, tulichopoteza si mtu tu. Tulipoteza na ile kanuni.

Sitaki kuukejeli ujamaa wetu na watu hawa. Umbali mdogo kati ya kioo na benchi ndio uliowafanya wawe wazuri. Bukeko aliweza kumwigiza soja kwa sababu hakumtazama soja kutoka ghorofani. Wanjau aliweza lafudhi ile kwa sababu alikuwa ameishi na wenye lafudhi na kuwasikiliza. Ukiwaweka waigizaji nyuma ya kuta na madirisha meusi, utapata nyota, ila huenda usipate Papa. Ila ujirani una tabia moja: humkumbuka mtu akianguka. Siku anazosimama wima, akifanya kazi tangu asubuhi taa zikimchoma usoni, ujirani humwambia asante na kumwomba arudie ule mstari wa jana.

Wachekeshaji wa leo wamelitambua hilo kabla yetu. Njugush, Timothy Kimani, alipitia runinga kisha yeye na mkewe wakaanza kurekodi maonyesho yao wenyewe na kuyauza moja kwa moja kwa watazamaji. Wapo wengi wanaofuata njia hiyo kwa simu moja na taa ya duara, wakipiga vichekesho nyuma ya ploti huku nguo zikiwa kwenye kamba. Wana mabwana wapya, kampuni za mbali zinazoamua nani aonekane na nani azikwe chini ya video nyingine, na mabwana hao hawajui hata Kawangware iko wapi. Lakini rekodi ni zao. Ikirudiwa, wanajua imerudiwa mara ngapi, jambo ambalo Benson Wanjau hakuwahi kuwa na njia ya kulijua.

Mwigizaji anayemiliki marudio yake anaweza kuugua kama mtu mwingine yeyote, kwa bima yake na siri yake, bila nambari ya paybill kusomwa katika taarifa ya saa moja. Tukikutana naye barabarani tutamwita kwa jina la mhusika, naye ataitika. Hilo halina ubaya, maadamu jina lililo kwenye mkataba ni lake.